Turbo Imekufa: Nani Ashike Spana?

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na karibu zote ni za kupanda. Gari linaondoka bondeni kwenye joto na mashamba ya mkonge, linakata kona moja baada ya nyingine ubavuni mwa Milima ya Usambara, hadi kwenye mji ulio mwinuko wa takriban mita 1,400. Injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu kwa kadiri ya asilimia moja kila inapopanda mita 100, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi na silinda hazipati ya kutosha kuchomea mafuta. Ndiyo maana Hiace ya zamani yenye injini ya 3L au 5L, ikiwa imejaza abiria na mizigo yao, hupanda barabara ile kwa gia ya pili huku ikiacha moshi mweusi nyuma yake, wakati Canter yenye turbo inaipita na shehena juu. Mwenye Hiace akiyaona hayo mara mbili tatu, anaanza kuulizia turbo.

Huku pwani swali huja kwa sura nyingine. Kwenye gereji za Ngamiani na Chumbageni, Tanga mjini, wengi hawatafuti turbo mpya. Wanahangaika na ile iliyokuja na gari. Prado inatoa moshi wa buluu, Hilux imeishiwa nguvu, Forester inapiga mluzi ambao jana haukuwepo. Fundi ametaja bei, mwenye gari amepiga hesabu kichwani, na nyumbani ana boksi la spana. Anaona boliti nne na mabomba mawili matatu. Kwa nini amlipe mtu?

Hizo ni kazi mbili, na makosa mengi huanzia pale zinapochanganywa. Kurudisha turbo mahali ilipokuwa ni kazi ya kufungua na kufunga. Kuitia kwenye injini iliyotoka kiwandani bila turbo ni kuibadilisha injini yenyewe, namna inavyopumua, inavyopata mafuta na inavyopoa. Kazi ya kwanza mtu makini anaweza kuifanya uani kwake. Ya pili inamtaka aliyekwisha kuifanya, mwenye vipimo. Lakini hata kwenye ile ya kwanza ipo sehemu moja inayostahili kulipiwa, nayo ni kujua kilichoiua turbo ya zamani.

Kifaa chenyewe si kigeni. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alikipatia hataza mwaka 1905, na malori yanayobeba simenti kutoka Pongwe leo yasingefika mbali bila turbo. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha gurudumu dogo la mapanga. Gurudumu hilo limeshikana kwa shafti na jingine upande wa pili, ambalo linasukuma hewa ndani ya silinda. Shafti inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, upande wake mmoja ukichomwa na moshi wa mamia ya nyuzi joto. Kwenye turbo nyingi za magari yetu shafti haikai juu ya gololi kama gurudumu la baiskeli. Inaelea ndani ya utando mwembamba wa oili. Oili ikikosekana kwa sekunde chache, au ikija na uchafu, chuma kinagusa chuma.

Kwa hiyo turbo hufa kwa sababu, na sababu zenyewe ni chache: oili haba au chafu, vumbi, au kitu kigumu kilichoingia kwenye mapanga. Mkoani Tanga vumbi lina nafasi yake. Gari linalofanya kazi kwenye barabara za udongo za vijiji vya Handeni, au linalopanda Amani kutoka Muheza, huvuta vumbi jekundu siku nzima. Hosi inayotoka kwenye ea klina kwenda kwenye turbo ikiwa na ufa wa urefu wa ukucha, vumbi hilo linaingia bila kuchujwa na kulisaga gurudumu la hewa hadi ncha za mapanga zinakuwa kali na nyembamba. Chumvi ya baharini nayo hula klipu za hosi kimyakimya. Kwa macho klipu inaonekana imekaza, ikishikwa, inageuka.

Ndiyo sababu hatua ya kwanza ya mwenye gari haihitaji kununua kitu. Gari lililoishiwa nguvu na kutoa moshi mweusi lina mafuta yanayozidi hewa, na mara nyingi kosa liko kwenye filta iliyoziba au hosi iliyochanika baada ya turbo, siyo kwenye turbo. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na hapo turbo ni mshukiwa, ingawa ringi za pistoni na sili za valvu nazo huleta moshi huohuo. Injini ikiwa imepoa, hosi ya hewa inafunguliwa na shafti inashikwa kwa vidole viwili. Kucheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida, kwa sababu ya ile nafasi ya oili. Ikitembea kwenda mbele na nyuma kiasi cha kusikika mkononi, au mapanga yakigusa ukuta wa nyumba yake, imekwisha. Utando mwembamba wa oili ndani ya hosi haupaswi kumtisha mtu; dimbwi ndilo la kuogopwa.

Kipimo hiki kinachukua muda mfupi na kimeokoa fedha za watu wengi. Kila mwenye gari la turbo afaa akijue, hata kama hatashika spana maisha yake yote.

Sasa tuseme turbo imekufa kweli. Mfano ulio wazi kuliko yote ni injini ya Toyota ya 1KD, ile dizeli ya lita 3 iliyomo kwenye Prado, Hilux na Hiace nyingi zinazotembea Tanzania. Chini ya injekta zake kuna washa ndogo za shaba. Zikianza kuvuja, gesi ya moto ya silinda inapenya hadi chini ya kifuniko cha valvu na kuichoma oili. Masizi yanatokea, yanashuka kwenye sampu, yanaganda kwenye chujio linalovuta oili. Pampu ya oili inabaki ikinyonya kupitia kichaka cha masizi, na sehemu inayoumia mapema ni turbo, maana ndiyo yenye kasi kubwa kuliko zote. Mwenye gari ananunua turbo, anaifunga vizuri, hakuna boliti iliyokosewa. Baada ya muda mfupi mluzi unarudi. Ananunua ya pili. Asipofungua sampu, safari hiyo inaishia kwenye injini kunoki, na gharama yake turbo haifui dafu.

Subaru nazo zina habari yake. Kwenye baadhi ya injini za EJ, ndani ya boliti yenye tundu inayopitisha oili kwenda kwenye turbo kumewekwa kichujio kidogo cha wavu. Oili isipobadilishwa kwa wakati kinaziba, na turbo inakauka huku taa ya oili kwenye dashibodi ikiwa imezimika, kwa kuwa presha ya injini kwa ujumla iko sawa. Kijana anayebadilisha turbo ya Forester bila kuifungua boliti hiyo amefanya nusu ya kazi.

Anayeweza kujibu swali la kilichoua turbo, na akaweza kukiondoa, ameshapita mtihani mkubwa wa kufanya kazi hii mwenyewe. Inayobaki ni mikono, zana na muda.

Mikono kwanza. Kwenye injini zilizozeeka karibu na bahari, boliti na stadi za ekzosi zimeshikwa na kutu pamoja na joto la miaka. Aliyezoea kazi hakimbilii kuzifungua. Anazimwagia mafuta ya kulainisha kutu jioni, anarudia asubuhi, anaikaza nati kidogo kabla ya kuilegeza, na ikigoma anaipasha moto. Asiyezoea anaweka bomba kwenye mpini wa spana na kuvuta. Stadi ikikatikia ndani ya manifoldi, kazi ya nusu siku imegeuka kuwa kazi ya kutoboa, kuchomelea na pengine kushusha manifoldi yote kwa mchonga vyuma. Mtu asiyewahi kutoa stadi iliyokatika na aihesabu gharama hiyo kabla ya kuanza.

Kwenye kufunga, mambo yanayoharibu turbo mpya ni madogo kwa macho. Bomba la kuleta oili libadilishwe au lisafishwe hadi ndani, kwa kuwa masizi ya zamani yamo humo. Bomba la kurudisha oili literemke bila kupinda, kwani oili hurudi kwa uzito wake tu. Gundi ya silikoni isitumike kwenye viungo vya oili. Kipande chake kikijitenga kinaziba tundu jembamba, na turbo mpya inakufa kwa kitu kilichowekwa kuizuia isivuje. Oili na filta ziwe mpya, na oili iwe ya daraja linalotajwa kwenye kitabu cha gari. Kabla ya kuwasha, oili safi inamiminwa kwenye tundu la turbo, shafti inazungushwa kwa kidole, kisha stata inapigwa injini ikiwa imezuiwa isiwake, hadi presha ya oili ipande. Ikiwashwa, iachwe iungurume polepole kwa dakika kadhaa bila kukanyagwa.

Kuna hatari moja ambayo lazima ielezwe kwa urefu, kwa sababu inaweza kumuumiza mtu. Turbo inapokufa kwa kuvuja, oili hujikusanya kwenye mabomba ya hewa na ndani ya intakula, kile kipoza hewa kilicho kati ya turbo na injini. Ikiachwa humo, injini ya dizeli inaweza kuivuta na kuichoma kama mafuta. Injini inapanda kasi yenyewe, moshi unajaa uwanja, na ufunguo hauizimi, kwa sababu haitegemei tena dizeli ya tangi. Inapiga kelele hadi oili iishe au injini ipasuke. Kwa gari la gia za kawaida, dereva akanyage breki kwa nguvu zote, aweke gia ya juu kabisa na kuachia klachi ili injini izimike. Kwa la otomatiki, njia iliyobaki ni kuziba mdomo wa hewa kwa kitu bapa na kigumu kama kipande cha ubao. Mkono au kitambaa hapana, maana vitavutwa ndani. Ikishindikana, watu wote waondoke karibu. Kinga yenyewe ni kazi chafu lakini rahisi: intakula ishushwe, ioshwe, imwagwe, ikaushwe, na kila bomba la hewa lipanguswe. Mtu aliyechoka saa kumi na moja jioni hushawishika kuiruka hatua hii. Asiiruke.

Zana ni suala la aina ya turbo. Zile za zamani, zenye kopo la presha na fimbo yake, zinafungika kwa spana za kawaida na spana ya toki. Turbo ya 1KD ina mapanga yanayobadilisha mwelekeo, yanayoendeshwa na kimota cha umeme kinachozungumza na kompyuta ya gari. Skrubu yake ya kikomo hupangwa kiwandani na haiguswi. Baada ya kufungwa, gari lahitaji mashine ya kusoma makosa ili ionekane kama mapanga yanafuata amri. Mwenye gari anaweza kufungua na kufunga kila kitu, halafu akakwama kwa kukosa kifaa hicho. Hapo ni busara kukubaliana mapema na fundi wa umeme wa magari kwa kazi ya saa moja.

Na muda una bei. Kwa gari la kutembelea, wiki moja juu ya mawe ni usumbufu tu. Kwa Hiace inayokimbia Tanga na Muheza, au Tanga na Horohoro, kila siku ya kulala ni siku bila hesabu, dereva na konda wakiwa hawana kitu. Tajiri anayetaka kuokoa ufundi kwa kufanya mwenyewe kila jioni baada ya kazi azidishe hesabu ya siku kwa idadi ya siku atakazotumia, aongeze nauli ya kufuata gasketi iliyosahaulika, ndipo alinganishe na bei ya fundi. Mara nyingi fundi ataonekana nafuu.

Kumlipa fundi nako kuna ujuzi wake. Swali la kumwuliza kabla ya bei ni hili: iliyopo imekufa kwa nini? Anayejibu kwamba turbo za siku hizi hazidumu, kisha akataja bei ya nyingine, hajafanya uchunguzi. Anayetaka kuona oili kwenye kijiti, kufungua bomba la kurudisha, kuuliza mara ya mwisho oili ilibadilishwa lini, huyo anajua anachokitafuta. Spea ni bora mwenye gari ainunue mwenyewe, au aende dukani pamoja na fundi. Cha juu kinachoongezwa kwenye bei ya turbo kinaweza kuwa kikubwa kuliko ufundi wenyewe, na ni haki zaidi kumwongezea fundi kwenye jasho lake waziwazi kuliko kumwacha ajilipe kwenye spea. Turbo ya zamani ibaki mali ya mwenye gari, irudishwe mkononi mwake, kwa sababu ndiyo ushahidi wa kilichotokea.

Makubaliano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari: nani kanunua spea, kazi gani imejumuishwa, sampu itafunguliwa au la, na turbo ikifa ndani ya muda fulani nani anabeba nini. Mafundi wazuri hawakasirikii karatasi. Wanaijua faida yake kuliko mteja, kwani wamelaumiwa mara nyingi kwa spea feki walizoletewa na wateja.

Spea zenyewe ni za aina tatu. Ipo mpya ya kampuni inayojulikana, kama Garrett au IHI. Ipo ya mtumba kutoka Japani, iliyotolewa kwenye gari lililokatwa. Na ipo iliyofanyiwa ukarabati kwa kubadilishwa kiini cha katikati. Ya mtumba inapimwa kwa vidole kama ilivyoelezwa, na mapanga yake yasiwe na meno. Iliyokarabatiwa ina swali moja la lazima: kiini kimepimwa ulinganifu wa mzunguko kwa mashine? Kwa kasi ya mizunguko 100,000, tofauti ndogo ya uzito upande mmoja inatosha kuua beringi, na hakuna jicho la fundi linaloweza kuiona. Bei ikiwa chini mno ya nyingine zote mtaani, kuna kazi ambayo haikufanyika.

Ile kazi ya pili, ya kuitia turbo injini isiyokuwa nayo, ina mfano wake maarufu: Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ. Gari hili limebeba wagonjwa, wataalamu wa kilimo na watalii, na injini yake ya silinda 6, lita 4.2, imekuwa sokoni tangu mwaka 1990. Ni ngumu, inavumilia dizeli mbovu, lakini haina haraka. Mtu anaambiwa kwamba turbo itaifanya ipae, na ni kweli inaongeza nguvu. Lakini Toyota yenyewe ilipotaka injini ya ukubwa huohuo yenye turbo haikuchukua 1HZ na kuipachika tu. Ilitengeneza 1HD-T: upana wa silinda uleule wa milimita 94, mwendo wa pistoni uleule wa milimita 100, lakini hedi nyingine, pistoni nyingine, na dizeli ikipulizwa moja kwa moja juu ya pistoni. Mgandamizo wa 1HZ ni 22.4 kwa 1. Wa 1HD-T uliteremshwa hadi 18.6 kwa 1. Wahandisi walioijua injini hiyo kuliko mtu yeyote waliona haja ya kubadilisha yote hayo.

Wapo waliofunga turbo kwenye 1HZ na zikadumu, hasa Australia, ambako kazi hiyo imefanywa kwa miaka mingi. Wenye busara huko hubaki kwenye presha ndogo, hufunga geji ya presha na geji ya joto la moshi, na hawaruhusu joto hilo lipande kupita nyuzi 700 hivi. Wanaoharibikiwa ni wale wanaokaza skrubu ya pampu ili dizeli iongezeke, wakafurahia nguvu kwa majuma machache, kisha hedi ikapasuka kati ya valvu. Kwenye mteremko wa Segera hutajua. Kwenye mlima wa Lushoto, na joto la Mombo likiwa limeshaanza kuichosha rejeta, utajua.

Kazi hiyo basi isifanywe nyumbani. Inahitaji fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia, manifoldi iliyotengenezwa kwa injini hiyo, ekzosi pana zaidi, rejeta nzima na geji mbili zilizotajwa. Anayelipia afanye hivyo kwa orodha kamili au asianze, kwa sababu turbo bila geji ni kuendesha bila kujua lini injini inaungua. Mwenye bima kubwa aiarifu kampuni yake kwa maandishi kabla ya kubadilisha, maana gari lililobadilishwa bila taarifa linaipa kampuni hoja ya kukataa dai. Na anayeamua kubadilisha injini nzima akumbuke kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo mabadiliko yapelekwe TRA.

Kwa kijana anayetaka kujifunza kweli, njia nzuri ni ya katikati. Avue mwenyewe, aoshe intakula, asafishe mabomba, kisha amlipe fundi aje kwa saa chache za uchunguzi na ufungaji, naye asimame pembeni akishika taa na kuuliza. Vyuo vya VETA vina mafunzo ya ufundi wa magari kwa anayetaka kwenda mbali zaidi ya hapo.

Kwa wengine, uamuzi uko hivi. Turbo ya zamani yenye kopo na fimbo, sababu ya kifo ikijulikana, gari likiwa si la biashara: mwenye gari aifunge mwenyewe. Turbo ya 1KD au gari la hesabu: alipwe fundi, na sampu ifunguliwe. Mkonga wa 1HZ unaokwenda Lushoto mara chache kwa mwaka: uachwe kama ulivyo, na fedha hizo ziende kwenye rejeta, nozeli na filta mpya.